Jinsi ya kulinganisha SUV za safu tatu: anza na kiti cha nyuma kabisa

Wanunuzi wengi wa SUV ya viti saba huanzia mbele. Wanakaa kwenye usukani, wanabonyeza skrini, wanasikiliza injini, wanazunguka barabarani dakika kumi. Safu ya tatu huifungua siku ya safari ya kwanza ya familia, na hapo ndipo wanapogundua kuwa magoti ya mtu mzima yanafika kifuani, mabegi hayana pa kukaa, na kiti cha mtoto kimeziba njia ya kwenda nyuma. Gari lenyewe si bovu. Lilipimwa kama la watu watano, likanunuliwa kwa ajili ya watu saba.

Kwa hiyo hapa tunaanza nyuma na kuja mbele. Injini na skrini zitasubiri. Gari lisilofaa kwenye safu ya tatu halina haja ya kuendeshwa kabisa, na kwa njia hiyo orodha ya magari sita inaweza kubaki na mawili kabla hujawasha hata moja.

Vya kubeba

Tepu ya kupimia ya mita 3, daftari, tochi, viti vya watoto unavyovitumia sasa hivi, na mabegi mawili ya safari unayoyajua. Pia watu wazima wawili, mmoja akiwa mrefu. Muuzaji anayekataa usifunge kiti cha mtoto ndani ya gari lake, mwache na gari lake.

Hatua ya 1: Andika nani atakaa wapi

Chora viti saba kwenye karatasi, andika jina kwenye kila kimoja, kisha andika safu ya tatu itatumika siku ngapi kwa mwezi. Jibu hili linaamua mengi kuliko chapa ya gari.

Kama ni siku moja mbili za kubeba marafiki wa watoto, SUV ya wastani yenye viti vidogo vya kukunja inatosha. Nissan X-Trail ya kizazi cha T32 yenye viti saba ni mfano mzuri: safu yake ya tatu ni ya watoto na ya mwendo mfupi. Kama bibi mwenye magoti mabovu atasafiri kila wiki, hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu yeye hawezi kupanda nyuma. Atakaa safu ya pili, na watoto wakubwa ndio watakaohamia safu ya tatu. Wape watoto miaka mitano mbele katika mchoro wako. Mtoto wa miaka 9 leo atakuwa na urefu wa mtu mzima kabla hujaliuza gari.

Na kama watu saba wanasafiri karibu kila siku, kwenye lami tupu, bila matope wala mawe, tunasema wazi: linganisha pia na gari la familia la milango ya kuteleza. Sakafu yake iko chini na buti lake ni kubwa zaidi. SUV inastahili unapohitaji kimo chake, nguvu yake au magurudumu manne.

Hatua ya 2: Jua limejengwa juu ya nini

Kuna makundi mawili. La kwanza ni magari yenye chesisi, yaani bodi imefungwa juu ya fremu ya chuma: Toyota Fortuner, Land Cruiser Prado, Mitsubishi Pajero Sport, Ford Everest, Nissan Patrol. La pili ni yale ambayo bodi na fremu ni kitu kimoja: Toyota Highlander, Mazda CX-8, Hyundai Palisade, Kia Sorento, Volvo XC90.

Chesisi inavumilia barabara mbaya na kuvuta tela zito, lakini inakula nafasi ya miguu ya watu wa nyuma. Chini ya safu ya tatu kuna fremu, juu yake sakafu, na kwa mengi ya magari haya kuna ekseli nzima ya nyuma inayopanda na kushuka, nayo inahitaji nafasi ya kuchezea. Sakafu inanyanyuka, kiti hakiwezi kunyanyuka nacho kwa sababu paa liko palepale, na anayekaa hapo anachuchumaa. Bodi isiyo na chesisi huruhusu sakafu kushuka. Magari ya umeme yako katikati: hayana eksozi wala shafti ya kupita chini, lakini betri iliyo chini ya sakafu inarudisha sehemu ya kimo hicho.

Angalia pia umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, maana urefu wa gari peke yake unadanganya. Fortuner ina mm 2,745 na Prado ya kizazi cha 150 ina mm 2,790. Highlander ya kizazi cha nne ina 2,850, CX-8 ina 2,930, XC90 ya kizazi cha pili ina 2,984, na Kia EV9 ya umeme inafika 3,100. Umbali ukiwa mrefu, safu ya tatu husogea mbele ya ekseli ya nyuma badala ya kukaa juu yake, na aliyekaa hapo harushwi sana kila gari linapopita kwenye tuta.

Hatua ya 3: Kaa nyuma, kwa mpangilio wa kweli

Ujanja wa kawaida wa muuzaji ni kusogeza safu ya pili mbele kabisa ili ya tatu ionekane pana. Usikubali. Dereva aweke kiti chake anavyoendesha siku zote. Mtu mzima akae nyuma yake, kiti cha safu ya pili kisogezwe mpaka magoti yake yapate nafasi ya vidole vinne, kisiende nyuma zaidi. Hapo ndipo yule mrefu apande nyuma, naye akae dakika kumi bila kushuka.

Dakika hizo kumi, pima. Kwanza kimo cha kiti, kutoka sakafuni hadi ukingo wa mbele wa mto. Kiti cha mezani kina sm 43 hadi 45. Kwenye safu ya tatu, ukipata chini ya sm 30, mapaja ya mtu mzima yataning'inia hewani, uzito wote utakaa kwenye kitako, na baada ya saa moja miguu itakufa ganzi. Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote, na karibu hakuna karatasi ya mauzo inayokiandika. Kisha angalia nyayo: zinaingia chini ya kiti cha safu ya pili, au reli na boksi la betri vimeziba? Kisha kichwa: ngumi iliyokunjwa ipite kati ya utosi na paa. Mwisho, pima kutoka nyuma ya kichwa hadi kioo cha mlango wa buti, uandike. Majaribio ya kawaida ya kugonga, yakiwemo ya Euro NCAP (shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari na kuyapa nyota), huweka wanasesere wa vipimo safu ya mbele na ya pili, hayaweki ya tatu. Nyota tano hazisemi lolote kuhusu mtu aliyeketi sm chache kutoka kwenye kioo cha nyuma.

Hakikisha kila kiti cha nyuma kina mkanda wa pointi tatu na kiegemeo cha kichwa kinachopanda mpaka usawa wa masikio. Mfuko wa hewa wa pazia uwe unafika mpaka safu ya tatu. Utaona neno AIRBAG limechapwa kwenye nguzo ya nyuma au pembeni mwa paa, na kitabu cha gari kitathibitisha. Gari la jina lilelile linaweza kuwa na mifuko michache katika soko jingine, kwa hiyo soma kitabu cha gari lililo mbele yako.

Sasa kutoka. Zima injini, funga milango, mwambie aliyeko nyuma atoke mwenyewe bila msaada. Anafikia kishikio cha kulaza kiti cha safu ya pili? Kama kiti kinasogezwa kwa umeme, kinafanya kazi injini ikiwa imezimwa? Watoto wawili nyuma wasioweza kujitoa ni sababu tosha ya kulifuta gari kwenye orodha.

Hatua ya 4: Funga viti vya watoto, usikisie

Isofix ni mfumo wa kufunga kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye nguzo za chuma za gari, bila mkanda. Nguzo zake mbili za kiti kimoja huachana kwa mm 280, na gari huwa nazo safu ya pili, mara nyingi viti viwili vya pembeni tu. Safu ya tatu katika SUV nyingi haina kabisa. Mwenye watoto watatu wadogo ahesabu nguzo kwa mkono, na atafute pia kitanzi cha mkanda wa juu nyuma ya kila kiti.

Funga kiti chako upande mmoja wa safu ya pili, kisha jaribu kupanda nyuma kwa upande huohuo. Viti vya baadhi ya magari huinuka na kuteleza mbele kiti cha mtoto kikiwa kimefungwa. Vingine vinalazwa tu kwa kukunja mgongo, jambo lisilowezekana kikiwa na kiti cha mtoto. Ikiwa ni aina hii ya pili, njia inabaki moja. Hapo ndipo gari la viti sita, lenye viti viwili vinavyojitegemea katikati na ujia kati yao, linapolishinda la viti saba: unapoteza nafasi ya mtu mmoja, unapata njia ya kwenda nyuma isiyozibwa na chochote. Watoto wawili wenye viti vya Isofix na wawili wakubwa watakaokaa nyuma? Chukua sita.

Kiti kinachotazama nyuma kinakula nafasi ya abiria wa mbele. Kifunge, kisha kaa mbele yake.

Hatua ya 5: Pima buti viti vyote vikiwa vimesimama

Lita zilizoandikwa kwenye karatasi usizilinganishe kati ya watengenezaji bila kujua zilipimwaje. Kipimo cha VDA, chama cha watengenezaji magari cha Ujerumani, hujaza buti kwa matofali ya mm 200 kwa 100 kwa 50, lita moja kila tofali, na hakihesabu mianya ambamo tofali haliingii. Vipimo vingine huhesabu hewa yote hadi paani. Buti lilelile linaweza kutoa namba mbili zenye tofauti kubwa.

Tumia tepu. Simamisha safu ya tatu, pima sakafuni kutoka mgongo wa kiti hadi mlango, kisha rudia kwenye usawa wa juu wa mgongo, maana mlango huinama. Weka mabegi yako mawili na ufunge mlango bila kusukuma. Mzigo usipite mgongo wa kiti kama hakuna wavu. Breki ya ghafla hugeuza begi la kilo 12 kuwa jiwe lililorushwa kwenye visogo vya watoto. Na usisafiri mlango wa buti ukiwa umefungwa kwa kamba nusu wazi, kwani gari linapokwenda moshi wa eksozi hunyonywa ndani, na wa kwanza kuuvuta ni walio nyuma.

Kunja safu ya tatu kwa mkono mmoja, kana kwamba mwingine umebeba mtoto. Prado 150 inalaza viti sakafuni. Fortuner inavikunja kwenda pembeni na kuvifunga dirishani, ambako vinakula upana wa buti na kuziba sehemu ya kioo. Kwa anayebeba vitu vipana mara kwa mara, tofauti hii ni kubwa.

Tairi la spea liko wapi? Matoleo ya viti saba na ya haibridi (injini pamoja na mota ya umeme) mara nyingine hulipoteza na kupewa kopo la gundi na pampu, visivyosaidia tairi lililochanika ubavuni. Lililo chini ya gari, lishushe kweli mpaka chini. Kamba yake ya waya hushika kutu na kugoma siku unapoihitaji.

Hatua ya 6: Hesabu uzito

Hapa ndipo magari mengi ya viti saba huanguka, na ni hesabu ya dakika tano. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari likiwa limepakia, ulioandikwa kwenye kibati au stika, kisha toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kuweka.

Tuseme uzito wa juu ni kilo 2,600 na gari tupu ni 2,030. Una kilo 570. Baba 80, mama 70, bibi 70, watoto wanne kilo 45, 35, 25 na 18: jumla 343. Viti viwili vya watoto, 18. Zimebaki 209. Keria ya juu kilo 25, mabegi saba ya kilo 15 kila moja ni 105, zimebaki 79. Sasa unganisha tela linalokandamiza ndoano kwa kilo 75, maana uzito huo nao unahesabiwa kwenye gari. Zimebaki kilo 4, na hujaweka maji ya kunywa.

Angalia uzito mtupu umehesabiwaje. Ule wa Ulaya huwa tayari na dereva wa kilo 75, basi usimhesabu mara mbili. Kama haujajumuisha mafuta, yaongeze: lita 80 za dizeli ni kilo 67 hivi. Toleo la kifahari lenye sanrufu, ringi kubwa na viti vya umeme ni zito zaidi, na likiwa na kikomo kilekile cha juu linabeba kidogo kuliko toleo la chini la gari hilohilo. Mzigo wa juu ya paa una kikomo chake, kwa kawaida kilo 75 hadi 100, keria ikiwemo.

Kisha ekseli ya nyuma, ambayo ina kikomo chake peke yake. Mzigo ulio nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mtarimbo: kilo 100 zilizowekwa mita moja nyuma yake, kwenye gari lenye mita 2.75 kati ya magurudumu, huiongezea ekseli hiyo kilo 136 na kuziondolea tairi za mbele 36. Mbele inapungua mshiko, usukani unakuwa mwepesi, na taa za usiku zinawachoma macho wanaokuja.

Soma na namba ya uzito kwenye ubavu wa tairi: 104 ni kilo 900, 108 ni 1,000, 110 ni 1,060 kwa kila tairi. Kama mwenye gari aliweka tairi za namba ndogo kuliko stika ya mlangoni inavyotaka, dai mpya au pungufu ya bei. Stika hiyohiyo ina presha mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa. Watu wengi hawaijui ya pili.

Hatua ya 7: Kiyoyozi cha nyuma

Matundu kwenye paa juu ya safu ya tatu ni bora kuliko ya pembeni karibu na kiwiko, ambayo huzibwa na mto au jaketi. Uliza kama nyuma kuna ivaporeta (kifaa kinachopoza hewa) na feni zake, au ni hewa ya mbele inayosukumwa kwa mrija. Acha gari juani nusu saa, washa, kaa nyuma na uhesabu dakika mpaka hewa iwe baridi kweli. Kwenye gari la mtumba lenye ivaporeta mbili, chungulia mabomba ya alumini yanayopita chini kwenda nyuma. Yakishaliwa na kutu huvujisha gesi, na mfumo mzima hushindwa, wa mbele pia.

Hatua ya 8: Liendeshe likiwa limejaa

Gari tupu lenye dereva na muuzaji halikuambii kitu. Panda watu watano au sita. Kabla hawajapanda, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake. Wakishapanda pima tena. Fanya hivyo kwa kila gari, na lile linalozama kidogo ndilo lenye springi za kazi. Pita tuta kwa mwendo wa kawaida: ukisikia mgongano mzito nyuma, springi zimefika mwisho na chuma kimegusa mpira. Shokapu zilizochoka hulifanya gari liendelee kudunda mara mbili tatu baada ya tuta.

Tafuta mlima. Gia boksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua, ikipanda na mzigo kwa muda mrefu hupata joto na kujilinda kwa kupunguza nguvu. Yenye klachi mbili haipendi kusogea polepole kwenye foleni ya mlimani. Ukisikia mtetemo au harufu ya kuungua, achana nalo. Kwa familia nzito na milima, sisi huegemea otomatiki ya kawaida yenye tokikonveta (inayopitisha nguvu ya injini kwa mafuta badala ya klachi), na mafuta ya gia boksi hiyo tungeyabadilisha kila kilomita 60,000 hadi 80,000 hata kitabu kikisema ni ya maisha.

Dizeli ya kisasa ina chujio la masizi kwenye eksozi, na ili lijichome linahitaji mwendo mfululizo wa dakika 20 hivi injini ikiwa moto. Gari la kupeleka watoto shule ya kilomita tatu litaliziba. Chomoa stiki ya oili: ikiwa juu ya alama ya mwisho na inanuka dizeli, chujio limejaribu kujichoma mara nyingi bila kumaliza, na mafuta yamevujia kwenye oili. Kwa safari fupi za kila siku, haibridi ya petroli ni chaguo bora. Kwenye Highlander haibridi ya kizazi cha nne betri iko chini ya safu ya pili na inapozwa na hewa ya ndani ya gari. Kagua matundu yake, maana makombo ya biskuti, nywele na blanketi la mtoto huyaziba, na betri hupata joto.

Hatua ya 9: La mtumba, likague kuanzia nyuma

Vuta mkanda wa safu ya tatu mpaka mwisho kabisa. Una lebo ya tarehe ilipotengenezwa. Ikiwa mpya kuliko gari kwa miaka kadhaa, uliza ulibadilishwa kwa nini. Ukiwa na mstari wa tope mita nzima ndani ya kasha, mahali ambapo hakuna anayefua, gari liliwahi kuingiwa na maji. Inua kapeti ya nyuma, gusa sifongo chini yake. Mirija ya sanrufu inayoshuka kwenye nguzo za nyuma ikiziba, maji hufikia hapo, na kutu huanzia kwenye boliti za viti.

Springi za hewa hulainisha safari, lakini mpira wake huchanika kwa umri. Paki gari usiku, rudi asubuhi kabla halijawashwa: kona moja ikiwa chini, kuna uvujaji, na kompresa imekuwa ikifanya kazi ya ziada kuuficha. Hesabu vyote viwili kwenye bei yako.

Ukibakiwa na magari mawili yaliyopita hatua zote, rudi nayo yote siku moja, kwa mpangilio uleule wa watu na mabegi, na uwaache wa safu ya tatu waseme wa kwanza.